Pembe za Ng'ombe Kwenye Runinga

Januari 12, 1966, runinga ya ABC ya Marekani ilirusha sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Batman. Katikati ya kisa, shujaa huyo anaingia klabu ya usiku akiwa na barakoa na joho lake, anaagiza maji ya machungwa, anatiliwa dawa bila kujua, kisha anasimama kucheza na msichana mrembo. Anapitisha vidole viwili viwili mbele ya macho, anatikisa mabega, uso mkavu kama wa hakimu. Dansi hiyo waliibatiza Batusi. Ilikuwa kejeli ya dansi nyingine iliyowashika vijana wa huko tangu miaka minne nyuma, nayo iliitwa Watusi.

Mtu wa Kasulu, mkoani Kigoma, akioneshwa video hiyo leo kwenye simu, kwanza atacheka, maana ni kichekesho kweli. Kisha atajiuliza neno hilo lilifikaje kule. Ile "Wa" ya mwanzo ni ya Kiswahili. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakiongozwa na watu wa misafara ya pwani, na majina ya makabila waliyoyaandika kwenye madaftari yao yalikuwa na ngeli za Kiswahili. Neno likapita vitabuni, likaingia kwenye sinema, likatua Philadelphia miaka mia moja baadaye likiwa bado na kiambishi chake, kama mzigo uliosafiri na lebo ya bandari ulikotoka. Nao waandishi wa vichekesho wa Hollywood, walipotoa W na kuweka B ili jina lifanane na Batman, waliangukia bila kujua kiambishi ambacho Mrundi na Mha hutumia nyumbani kwao. Ndiyo sehemu pekee ya dansi ile iliyokuwa sahihi.

Nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu kupita Kibondo hadi Kakonko, ndiyo Buha. Kabla ya wilaya na majimbo ya uchaguzi kulikuwa na tawala: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kaskazini yake. Watawala wake walikuwa wa koo za Kitusi, watu wa ng'ombe, wakiishi na Waha wakulima waliokuwa wengi zaidi, na lugha ikiwa moja. Salamu ya asubuhi ya Kiha inaeleweka Gitega bila mkalimani. Na dansi pia. Mwanamke wa huku akicheza kwa adabu za zamani, nyonga hazina kazi kubwa. Mikono ndiyo inapanda, inapinda taratibu juu ya mabega mpaka inakuwa pembe za ng'ombe, zile ndefu zinazotanuka kisha kurudi ndani, huku miguu ikikanyaga chini kwa mpigo unaosikika kabla ya kuonekana. Kutoka hapa hadi Rwanda utaukuta mkono huo huo, kila mahali na jina lake.

Kwenye skrini za dunia, wachezaji wa ukanda huu walianza kuonekana zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1950 kampuni ya MGM ilitoa filamu ya King Solomon's Mines, akina Stewart Granger na Deborah Kerr wakiwa mastaa, na ndani yake wakachezeshwa Watusi wa kweli wa Rwanda, warefu, wakirukaruka kwa mtindo wa kifalme. Filamu ilipata tuzo ya Oscar ya upigaji picha wa rangi. Mwaka 1959 MGM hao hao wakatoa nyingine iliyoitwa moja kwa moja Watusi, na kwa ubahili wa kibiashara wakatumia tena vipande vya picha vilivyobaki kwenye ile ya kwanza. Nadharia ya akina Speke, kwamba Watusi ni taifa la kigeni lililoteremka kutoka kaskazini na kwamba ndani ya weusi kuna daraja, ilikuwa imekaa vitabuni miaka mingi, na Wabelgiji walikuwa wameshaipiga muhuri kwenye vitambulisho vya Rwanda. Sinema ikaipa mwili. Mtazamaji wa Ohio hakusoma Speke, lakini alimwona mtu mrefu mweusi akiruka na singa kichwani, akajua sasa "kabila" hilo likoje.

Halafu ikaja 1962. Kundi la The Orlons, wasichana watatu na mvulana mmoja, wote weusi wa Philadelphia, likatoa wimbo uitwao The Wah-Watusi, ukapanda hadi nafasi ya pili kwenye chati ya Billboard. Dansi yake haikuwa na mkono mmoja wa Rwanda wala wa Buha: unasimama wima, unatupa mikono juu na chini kwa kupokezana, basi. Ukitaka kujifunza hukwenda kwa mzee yeyote, uliwasha runinga. Philadelphia ndiko kulikokuwa na American Bandstand, kipindi cha Dick Clark kilichorushwa nchi nzima tangu Agosti 1957, ambamo vijana wa shule walicheza nyimbo mpya mbele ya kamera kila alasiri. Mwanahistoria Matthew Delmont ameandika kitabu kizima kuonesha jinsi vijana weusi wa mji huo walivyozuiwa kuingia studio ile kwa visingizio vya kila aina. Mwimbaji mweusi aliruhusiwa jukwaani. Mchezaji mweusi, aliyebuni nusu ya stepu zile, alibaki nje ya geti.

Kilichoogopwa ni kuonekana. Mwaka huo huo wa 1957 kipindi kingine cha ABC, cha mtangazaji Alan Freed, kilifutwa baada ya kijana mweusi Frankie Lymon kuonekana akicheza na msichana mweupe. Hakumbusu, hakumtorosha. Alicheza naye tu, na kamera ilikuwa imewashwa. Kwa hiyo katika miezi ile ya 1962 hali ilikuwa hivi: vijana weupe wakicheza "Watusi" sebuleni mwa Amerika, weusi waliowaimbia wakisubiri ruhusa ya kuingia studio, na Watusi wenyewe, waliofukuzwa Rwanda tangu Novemba 1959, wakiwa makambini na vijijini Uganda, Burundi na Tanganyika. Julai 1 ya mwaka huo Rwanda na Burundi zikapata uhuru. Sijui kama kuna neno lingine la Kiswahili lililowahi kupata umaarufu wa namna hiyo mahali ambapo hakuna aliyeuliza maana yake.

Ngoma za ng'ambo ya mpaka nazo zilipata zamu yao. Miaka ya 1960 Wafaransa walirekodi wapigaji ngoma wa Burundi kwa ajili ya lebo ya Ocora. Mwaka 1971 prodyuza mmoja wa Paris, Michel Bernholc, akachukua mpigo huo, akaongeza piano na gitaa, akauza sahani, Burundi Black, kwa jina la kubuni. Mwishoni mwa 1980 kundi la Adam and the Ants likapanda Top of the Pops ya BBC na wapigaji ngoma wawili, mpigo ule ule wa Burundi, mwimbaji akiwa na mstari mweupe usoni aliouiga kwa wenyeji asilia wa Amerika na koti la askari wa Kizungu wa zamani. Vijana wa Uingereza wakarukaruka sebuleni. Kati ya sahani ile na usiku ule wa BBC ulikuwepo mwaka 1972, mauaji makubwa ya Burundi, na misururu ya watu walioingia Kigoma na vifurushi vichwani, wakaishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Baadhi yao bila shaka walijua kupiga mpigo huo kwa mikono yao. Runinga hawakuwa nayo.

Huku Bara karibu hakuna aliyekuwa nayo. Zanzibar walikuwa na runinga ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hadi 1994. Kwa hiyo ukitaka kujua jinsi dansi ilivyogombaniwa nchini kabla ya hapo, usitafute kanda. Tafuta magazeti na matamko. Serikali ilipounda kikundi cha taifa cha ngoma baada ya uhuru, sindimba ya Wamakonde ikawa kipenzi cha majukwaa, na papo hapo barua zikaanza: mbona viuno vinatikiswa mbele ya wageni, huu ndio utamaduni wa taifa? Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na vipodozi vya kung'arisha ngozi. Novemba 1969 mkuu wa mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, akapiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam. Muziki wa Wamarekani weusi, watu wale wale walionyimwa kucheza Bandstand, huku ulikatazwa kwa sababu ni wa kigeni na unaharibu vijana. Mwaka uliofuata Don Cornelius akaanzisha Soul Train mjini Chicago, kipindi cha runinga kilichowapa vijana weusi sakafu yao wenyewe. Mtu angekuwa na haki ya kuuliza weusi hasa wacheze wapi.

Runinga ilipofika Bara, na baadaye sana ilipopanda milima kufika Kasulu na Kibondo, ilikuja na kiuno. Miji hii ilitegemea majenereta ya dizeli hadi miaka michache iliyopita, kwa hiyo kwa wengi kuangalia runinga kulimaanisha kwenda kibanda umiza, ukalipa kiingilio, ukakaa kwenye benchi la ubao. Mpira ulikuwa wa jioni. Katikati zilipigwa kanda za bendi: Wakongo, na Twanga Pepeta ya Dar es Salaam. Kijana aliyekulia kwenye mikono ya pembe za ng'ombe aliwaona wanenguaji wa Twanga Pepeta kama watu wa sayari nyingine. Kamera ya wakati ule ilikuwa na tabia moja. Ilianza kwa mwimbaji, ikapita gitaa haraka haraka, kisha ikashuka, ikakaa kiunoni, ikasahau kurudi. Kuna kanda ambazo ukiulizwa sura ya mnenguaji huwezi kujibu.

Na bado bendi ile ilikuwa ya mwanamke. Asha Baraka ndiye aliyeimiliki, na Luiza Mbutu akaja kuiongoza jukwaani, jambo ambalo katika dansi la Tanzania halikuwa la kawaida hata kidogo. Aisha Madinda, aliyefariki Desemba 2014, alikuwa jina la nyumba kwa nyumba kwa kunengua tu. Ile ni kazi. Ina mazoezi, ina maumivu ya mgongo, ina mshahara mdogo na watu wanaodhani mshahara unapatikana kwingine. Upande wa wanaume, Super Nyamwela alijijengea jina kwa kukata kiuno katika nchi ambayo mwanamume anayekata kiuno huulizwa maswali. Miaka ilivyokwenda akaonekana kwenye meza ya majaji wa Dance 100% ya EATV, shindano la vikundi vya mtaani. Humo mambo yalikuwa yamegeuka: wachezaji wengi ni vijana wa kiume, wanapinduka, wanatembea kwa vichwa, stepu za Dar, Johannesburg na Atlanta zimechanganywa kwenye sufuria moja. Wasichana walikuwepo, wachache. Ukitazama vizuri utaona kwamba dansi ilipopata zawadi ya fedha na meza ya majaji, ilibadilika jina kutoka unenguaji kuwa kipaji, na jinsia nayo ikabadilika.

Wakongo ndio walimu wetu wa kiuno, na ndio walioonesha pia gharama yake. Julai 2016 Koffi Olomide alishuka Nairobi, na kamera zilizokuwepo uwanja wa ndege zikamnasa akimpiga teke mmoja wa wachezaji wake wa kike. Kesho yake Kenya ikamrudisha alikotoka. Video ilichezwa kwenye taarifa za habari za Afrika Mashariki nzima, na mabishano yake yalifika mbali, kwa sababu kila mtu alikuwa na kanda zake. Miaka ishirini watu walikuwa wamewatazama wanawake wale wakicheza nyuma yake na hawakuwahi kuwaza kwamba ni waajiriwa wa mtu.

Huku kwetu adhabu huenda upande mwingine. Januari 1, 2021, Wasafi TV ilirusha tamasha la Tumewasha kutoka Dodoma. Gigy Money alipanda jukwaani, akacheza, na mavazi yake yakaonekana kuwa ya utupu machoni pa wenye mamlaka. Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikakifungia kituo miezi sita, ingawa adhabu ililegezwa baadaye. Baraza la sanaa, BASATA, likamfungia msanii miezi sita na kumtoza faini ya shilingi milioni moja. Sitetei vazi. Ninachoona ni kwamba kiuno kile kile kilichokuwa mtaji wa runinga kwa robo karne kilipata kesi siku mwenyewe alipokipandisha jukwaani kwa jina lake, bila bendi ya mtu mbele yake. Mwanamke akinengua nyuma ya mwimbaji, ni burudani. Akisimama katikati, ni maadili.

Wiki hiyo ya Januari, kambi za wakimbizi za Nduta huko Kibondo na Nyarugusu huko Makere, Kasulu, zilikuwa na watu ambao hadithi ya nani acheze nini wanaijua kwa namna nyingine. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, wengi wao kutoka Kivu Kusini. Nduta ilifunguliwa upya Oktoba 2015, Warundi walipokimbia machafuko ya mwaka huo, wengine wakipitia kijiji cha Kagunga ufukweni na kubebwa na meli ya MV Liemba. Nyarugusu nayo ikapokea Warundi, na hapo ndipo shule mbili za mwili zilipokutana kwenye vumbi moja: Mkongo anayeanzia kiunoni, na Mrundi anayeanzia mikononi na kumalizia angani. Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20, ngoma za Burundi hupigwa kwenye viwanja vya makambi. Viongozi hukaa kwenye viti vya plastiki. Kamera nazo huja siku hiyo, na kwa siku hiyo mkimbizi anapata utamaduni. Kesho yake anabaki na kadi ya mgao.

Ngoma zile ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Oktoba 20, 2017, Rais Pierre Nkurunziza akasaini amri: wanawake wa Burundi hawatapiga tena ngoma za kifalme. Wanaweza kucheza pembeni. Vikundi vinavyotaka kupiga kwenye sherehe viombe kibali wizarani na kulipa faranga 500,000 kwa kila onesho. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda asili. Hapo ndipo mtu anayejua ngoma hizo anapokwama kidogo. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma, na ni utawala pia. Na mwili wa ngoma yenyewe ni wa mwanamke. Vigingi vinavyoshikilia ngozi huitwa amabere, yaani matiti. Kuna urugori, taji la mama aliyezaa. Wanaume wanaruka juu ya mwanamke wa mti, wanampiga kwa heshima, na mwanamke wa nyama amekatazwa kumgusa. Mila ina ucheshi wake.

Rwanda walishaenda njia nyingine. Odile Gakire Katese aliwakusanya wanawake mjini Butare, huko Huye, mwaka 2004, akawapa ngoma, akakiita kikundi Ingoma Nshya. Ngoma Mpya, au Utawala Mpya, chagua mwenyewe. Wamezunguka dunia na wamepigwa picha na runinga nyingi. Nchi mbili zenye ngoma moja, moja imemwambia mwanamke apige na nyingine imemwambia asipige, na zote mbili zinasema zinalinda urithi.

Buha iko katikati yao na haikuulizwa. Lakini huku kuna kumbukumbu ambayo ingefaa kutajwa kila mjadala huo unapoanza. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni mtawala wa Heru alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Nchi ile ile ya milima, watu wa lugha ile ile, na neno linalomaanisha utawala ndilo linalomaanisha ngoma. Heru Juu ni mwendo mfupi kutoka Kasulu mjini. Watalii wa ndani hawaendi, na mimi sijawahi kuona hata kipindi kimoja cha runinga ya Dar es Salaam kilichopanda mlima ule kwa ajili yake.

Pengine ni kwa sababu runinga ya taifa haijui imweke wapi Mha. Katika utani wa makabila yeye ni manamba. Jina hilo lina historia ya kweli: Kasulu na Kibondo zilifanywa ghala la vibarua wa mkonge wa Tanga na Morogoro, na tangu 1944 shirika la waajiri lililoitwa SILABU liliwasomba watu kwa mikataba. Jumapili kambini wakicheza, kila kabila na duara lake, Mha alitambulika kwa kanyaga yake. Mjukuu wa manamba huyo leo akiomba kitambulisho cha taifa anaulizwa babu yake alizaliwa wapi, na babu wa babu. Wabunge wa Kigoma wamelisema hilo bungeni mara nyingi: mtu wa mpakani hushukiwa uraia kwa lafudhi, kwa pua, kwa urefu. Ni Speke tena, safari hii kakaa dirishani. Kwa hiyo utakuta kijana wa Kibondo anayejua kabisa kucheza kwa mikono, lakini mbele ya wageni anacheza amapiano. Ya Johannesburg haimletei swali. Ya bibi yake ingeweza kuleta: wewe mbona unacheza kama Mrundi?

Nakumbuka 2012 kulivyokuwa na msisimko wa aina nyingine. Wasanii wenye asili ya Kigoma walikusanyika chini ya jina la Kigoma All Stars, mbunge Zitto Kabwe akiwa nyuma ya mpango huo, wakatoa wimbo wenye jina la Kiha, Leka Dutigite. Diamond Platnumz alikuwemo, Ali Kiba alikuwemo, Mwasiti, Linex, Peter Msechu na wengine. Kwa vijana wa Kasulu hilo halikuwa jambo dogo. Maneno mawili ya Kiha yalipita kwenye runinga zote za nchi, na watangazaji wa Dar walilazimika kuyatamka, wakakosea, wakarudia. Watu waliokuwa wakificha lafudhi mabwenini wakaanza kuwasahihisha wenzao. Ilikuwa miezi michache tu. Lakini sijasikia tangu wakati huo watu wengi wakijitambulisha kwa furaha kiasi kile kwamba kwao ni Kigoma bila kutaja ziwa, migebuka wala mawese.

Siku hizi swali la runinga linaelekea kujifia lenyewe, kwa sababu binti wa kidato cha tatu ana kamera mkononi. Anacheza nyuma ya darasa, anajiona papo hapo, anafuta, anarudia. Hakuna Dick Clark getini. Hiyo inasemwa sana, na ni kweli kwa kiasi. Ila simu nayo imejifunza tabia ya runinga. Ukicheza kwa kiuno, inakupeleka kwa maelfu. Ukicheza kwa mikono, inakuonesha shangazi zako.

Mahali pa kuangalia mvutano huo kwa sasa ni sendofu. Ukumbi wa Kasulu Jumamosi, mapambo ya vitambaa, spika mbili kubwa, MC aliyekodiwa kutoka Kigoma mjini, na mpiga video mwenye taa juu ya kamera, picha ikirushwa ukutani moja kwa moja ili waliokaa nyuma waone. Saa tatu za kwanza ni za Bongo Fleva na singeli. Mpiga video anajua kazi yake. Anapita kwa matroni, anashuka kiunoni, anakaa hapo, ukumbi unapiga kelele, watoto wanacheka, mchungaji anaangalia soda yake. Kila kitu kinakwenda kama runinga ilivyofundisha.

Kisha DJ anapunguza, mtu anachukua ngoma, na mashangazi wa bibi harusi wanainuka mezani. Wengine wamevuka miaka sitini. Kati yao atakuwepo aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Manyovu, na hakuna atakayemtambua kwa kumtazama akicheza. Wanaingia kwa mstari, khanga zimefungwa vizuri, viuno vimetulia kabisa kama vya watu wanaobeba maji. Miguu inaanza chini. Picha ukutani inaonesha khanga, khanga, khanga tupu zisizotikisika, na kwa sekunde kadhaa ukumbi hauoni chochote, kwa sababu mpiga video bado anasubiri pale alipozoea. Mtu wa meza ya mbele anamwonesha kwa kidole. Anashtuka, anarudi nyuma hatua mbili, anapandisha kamera, na ukuta mzima unajaa mikono.